Uji wa Samaki Mzazi

Siku ya kwanza kuona samaki akitema watoto wake, nilipiga ukelele hadi majirani wakaja mbio na fimbo, wakidhani nyoka ameingia ndani ya nyumba.

Nilikuwa nimeinama mbele ya tangi langu la kioo, katika chumba kidogo cha nyuma, hapa Kasongo. Ndani yake alikuwemo jike mmoja mdogo, rangi yake kama vumbi la barabarani, aliyekuwa amevimba taya kwa muda mrefu bila kula kitu. Mimi nilishajua anakufa. Hata nilikuwa nimechagua mahali pa kumtupa. Mara akafungua kinywa, kikatoka kitu kidogo chenye macho makubwa. Kikatoka kingine. Kisha wakamwagika wengi, wakasimama mbele ya uso wake kama wanaongojea kuambiwa la kufanya. Nikaingiza mkono majini, sijui nilitaka kufanya nini, na wote wakageuka kwa pamoja, wakarudi kinywani. Mama yao akafunga taya, akanitazama. Ndipo nilipopiga ukelele.

"Amewameza," jirani mmoja akasema, fimbo bado iko juu. "Wote! Ule si samaki ya kuweka mu nyumba ya watu."

Mimi kazi yangu ni kuchaji simu za watu. Nina paneli za jua juu ya bati, na waya zinaingia kwa dirisha la chumba kile cha nyuma. Umeme unaobaki unaendesha kipampu kidogo cha kupuliza hewa ndani ya maji. Wazo la kufuga samaki lilitokana na hasira, sitaficha. Mteja mmoja alinionyesha video kwenye simu yake: mzungu fulani, nyumba yake ina zulia, ukuta mzima ni vioo na maji, na ndani yake samaki wa ziwa letu. Wa Tanganyika! Mtu ambaye hajawahi hata kuumwa na mbu wa Fizi, kando ya ziwa, anawajua samaki wetu kwa tabia zao, anajua nani anampenda nani, na sisi hapa tunawajua kwa chumvi tu. Sikulala vizuri. Kesho yake nikaanza kutafuta vioo vya dirisha na gundi ya silikoni. Tangi la kwanza lilivuja, la pili likapasuka katikati ya chakula cha mchana, la tatu ndilo hili.

Samaki wenyewe waliletwa na dereva wa pikipiki aliyekuwa akipitisha magunia ya ndagala, wale dagaa wakavu, kutoka upande wa ziwa kupitia Kabambare. Aliwapata kwa watoto waliokuwa wakiwavua kwa kucheza, pale mto unapoingia ziwani. Aliwasafirisha ndani ya bidoni, dumu la plastiki lenye maji, kwenye njia ile yenye mashimo ya kumeza mtu, na akanikabidhi huku akitikisa kichwa. "Baba, hii hata paka haiwezi kushiba nayo. Utafanya nayo nini?" Nikamwambia nitawatazama. Alicheka mpaka akashika tangi la pikipiki asianguke.

Nilichokuja kuona katika kutazama kule, mpaka leo nikisimulia watu wanasema nimezidisha. Dume alikuwa mzuri kupita kiasi, buluu na manjano, na kwenye pezi lake la chini alikuwa na madoa ya rangi ya chungwa, mviringo kabisa, yanayofanana na mayai. Jike akitaga mayai kwenye mchanga, anayaokota palepale kwa kinywa. Kisha anayaona yale madoa ya dume, anadhani kuna mayai mengine yamebaki, anakwenda kuyaokota, na hapo ndipo dume anayatia mbegu mayai yaliyomo kinywani. Nilipoelewa jambo hilo nilikaa chini sakafuni. Mke wangu alipita akauliza kama ninaumwa.

Nikajifunza na la kutisha. Jike mwenye mayai kinywani akishtuka sana, anayameza. Anawala wanawe kwa woga. Uzao mmoja ulikwisha hivyo, kwa sababu watoto wa mtaani waligonga kioo kwa kijiko ili samaki awasalimie. Tangu siku ile chumba kile kilikuwa na masharti mengi kuliko kanisa.

Mtaani walinicheka. "Nyumba ile samaki wanazaa, watu hawazai," walisema, maana miaka ilikuwa imepita tangu ndoa yetu na mke wangu alikuwa hajapata mimba. Maneno hayo yaliniuma sana. Mke wangu aliyasikia pia, naye hakuwahi kuniambia niwatoe samaki. Mungu akatusikia, mimba ikaingia, ikakua, na mtoto wetu akazaliwa, wa kike, mwenye pua pana inayochukua nusu ya uso.

Wiki ileile ya furaha, dume akafa. Aliruka kupitia upenyo wa kifuniko, akaangukia sakafuni, na kuku aliyekuwa amejipenyeza ndani akamdokoa. Nilimkuta kuku yule anafuta mdomo kwenye mkeka wangu. Kuku huyo tulimchinja Jumapili, na mimi sikuonja hata mchuzi wake. Dereva wa ndagala alikuwa ameacha kazi kwa sababu njia ya kwenda ziwani ilikuwa imefungwa na vita, na hakuna aliyejua itafunguliwa lini. Samaki wengine wote, wakubwa kwa wadogo, walikuwa wamekwisha kufa mmojammoja. Alibaki jike mmoja tu, na taya zake zilikuwa zimevimba. Ukoo wote wa samaki wangu ulikuwa ndani ya kinywa kile. Nikasema moyoni: sasa asishtuke, basi, nyumba yote itembee kwa vidole.

Na hapo ndipo mama mkwe alipofika.

Alitoka Lusangi kwa pikipiki, na mzigo wa karanga na mchele mpya, kuja kumtunza binti yake, mzazi aliyetoka kujifungua. Ndiyo haki yake na ndiyo kazi yake, na mimi nilifurahi. Lakini lazima nieleze jambo. Kwao, mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawagusani, na wala hawasemezani moja kwa moja. Familia nyingi siku hizi zimelegeza. Yao haikulegeza hata uzi. Miaka yote ya ndoa yetu nilimfahamu mama yule kwa mgongo na kwa kitenge kilichofunika kichwa. Mke wangu aliniambia kwamba hata picha ya harusi kwenye simu, mama yake aliitazama huku amenifunika kwa kidole gumba.

Maneno yetu yalipita kwa mke wangu. Mke wangu akiwa na mtoto kifuani au amelala, yalipita kwa kinu. Kinu kilikuwa uani, karibu na jiko, na kila mmoja alikisemesha akiwa upande wake wa ukuta.

Sasa, nyumba yetu ni ndogo. Chumba cha mgeni ni kimoja, kilekile cha nyuma, chenye tangi. Kulihamisha tangi na yule jike ndani yake ilikuwa sawa na kumshurutisha ameze watoto. Kwa hiyo mama mkwe alilala pale, na mimi, mwenye samaki, nikafungiwa nje ya mlango wangu mwenyewe. Mke wangu ndiye aliyeingia kuwatazama kwa niaba yangu, na akaniletea habari kama mtu anayemtembelea mfungwa.

Mama mkwe aliambiwa yote: samaki huyu ana mayai kinywani, hali chakula, asishtuliwe, asigongewe kioo. Jibu lake nililisikia uani asubuhi.

"Kinu, ambia mwenye nyumba: miye niko mutu muzima. Nimeona mbuzi ikizaa, nimeona mbwa, nimeona watu. Kwa kinywa, hapana."

"Kinu," nikajibu nikiwa barazani, "waambie mama: siye tulishangaa vilevile. Lakini ndiyo vile Mungu alimufanya."

Kisha mchi ukaanza tena kupiga, kwa nguvu zaidi.

Lakini alianza kumtazama. Mke wangu alisema anaketi kwenye kigoda mbele ya kioo, mikono mapajani. Kisha akaanza kusema. Nilimsikia kupitia dirisha nilipopanda kupangusa vumbi kwenye paneli: "Kula, mama. Kula kidogo tu." Nilicheka peke yangu juu ya bati. Habari za kinu zikabadilika pia. Mwanzoni zilikuwa za mtoto: amenyonya, amelala, kitovu kimekauka, ana pua ambayo si ya kwao, hajui ni ya nani. Sasa zikawa za samaki.

"Kinu, ambia mwenye nyumba: ule mama hakukula tena leo."

"Kinu, waambie mama: hawezi kula, watoto wangali mu kinywa."

"Kinu, muulize: mama mwenye hakule, nguvu itatoka wapi?"

Nikafikiri hili litapita. Nilipaswa kumjua zaidi mwanamke ambaye tangu siku ya kufika kwake alikuwa akimshindilia binti yake uji wa mchele na karanga asubuhi, mchana na jioni, mpaka binti anamwomba Mungu apumzike. Kwao mzazi hanyimwi uji. Mzazi akikaa na njaa ndani ya nyumba ambayo mama mtu mzima yumo, aibu ni ya yule mama.

Siku ile mke wangu alikuwa amempeleka mtoto kituo cha afya kupimwa kilo. Jua lilikuwa kali. Mimi nilikuwa barazani na simu za watu, na harufu ya karanga ilikuwa imenifikia, nikafurahi kwamba mke wangu atarudi na kukuta uji uko tayari. Kisha nikasikia kutoka chumba cha nyuma sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mama yule.

"Kinu! Kinu, ambia..."

Kinu kilikuwa uani. Yeye alikuwa ndani. Sauti ikakatika. Nikasikia miguu inakuja, na mlango wa baraza ukafunguka kwa kishindo, na mama mkwe wangu akasimama mbele yangu, kichwa wazi, kitenge kimeanguka mabegani, upawa mkononi, na akanitazama machoni.

Sikujua nifunike uso au nikimbie. Alikuwa na macho ya mke wangu, yaleyale, katika uso mzee. Hakuna aliyewahi kuniambia.

"Mukwe! Njo! Watoto wanakufa!"

Nilimfikiria mwanangu. Nikashika nguzo, nikasahau kabisa kwamba mtoto hayumo nyumbani. Kisha nikaelewa ni watoto gani. Nikaingia mbio chumba ambacho sikupaswa kuingia.

Tangi lilikuwa jeupe. Maji hayakuonekana, mchanga haukuonekana, kioo kilikuwa kama ukuta uliopakwa chokaa. Kipampu kilikuwa kinapuliza mapovu mazito, yanapanda na kumwagikia mezani. Harufu ya karanga ilijaa chumbani.

"Mama, mumefanya nini?" Nilimsemesha yeye mwenyewe, si kinu, na hakuna kati yetu aliyeona ajabu.

"Nilimupa uji. Kidogo tu, wa kupoa. Mama hakule, na miye niko hapa, nimutazame tu namna gani?"

Nilitaka kupiga kelele. Nilikuwa na hasira ya kupasua vioo, nasema kweli, lakini uji ule ndio uleule aliomlisha mke wangu. Hakuna aliyewahi kumtendea samaki wangu kama binti yake. Kwenye uso wa ule weupe nikaona ncha ya mdomo inatokeza, inavuta hewa, inazama.

"Maji," nikasema. "Maji safi, yasiwe ya baridi." Lakini pipa langu la maji yaliyotulia lilikuwa tupu, nguo za mtoto zilikuwa zimefuliwa kwa maji yake.

"Ya mutoto!" akasema, akatoka. Akarudi na beseni. Ni yale maji ya kumwogeshea mtoto, ambayo huyaweka juani tangu asubuhi ili yapate uvuguvugu. Nikatia mkono. Yalikuwa sawasawa na ya tangi.

Nilipiga kipande changu cha chandarua ndani ya ule uji mara hii na mara ile, sikupata kitu, nikawa nazidi kumtisha. Mama mkwe akanisukuma kwa kiwiko. Akazamisha bakuli polepole mpaka chini, akaliacha, mkono mwingine ukamfuata samaki pembeni taratibu, kama wanawake wanavyovua samaki kijitoni wakati wa kiangazi. Alipoinua bakuli, jike alikuwemo. Tukammimina ndani ya beseni.

Kinywa chake kilikuwa wazi. Taya zilikuwa zimeshuka. Ndani hamkuwa na kitu.

"Amewameza," nikasema. Nilisikia sauti yangu ikitoka kama ya jirani wa siku ile mwenye fimbo. "Mama, imekwisha."

Yeye alikuwa amekwisha kurudi tangini. Alikuwa anachota ule weupe kwa bakuli na kuupitisha kwenye chandarua, bakuli baada ya bakuli, na kutazama kwa karibu mpaka pua inagusa kitambaa. "Macho," akasema. "Mukwe, iko macho hapa." Nikainama. Yalikuwa macho. Mtoto mmoja, anatikisika katikati ya punje za karanga. Tukamtia kwenye beseni. Akapata mwingine, na mimi nikapata wangu. Wengine walikuwa wamekufa, tukawaweka kando. Tulichota mpaka tangi likabaki mchanga na uji.

Kisha tukapiga magoti sakafuni, beseni katikati yetu, vichwa karibu kugusana, tukangoja. Watoto walijikusanya pembeni. Jike alikuwa upande wa pili, anahema. Alikuwa ameshtuliwa kuliko samaki yeyote niliyewahi kumwona. Akageuka. Akawaendea. Akafungua kinywa, nao wakaingia.

Mama mkwe alinishika mkono. Alinikamata juu ya kifundo, kwa nguvu zote za mtu aliyelima maisha yake yote. "Anawakula! Mukwe, anawakula mbele yetu!"

"Hapana, mama. Anawapokea."

"Unajua?"

Sikujua. "Mungojee," nikasema.

Hakuniachia. Tulitazama zile taya. Hazikutafuna. Zilivimba, zikatulia, na samaki akashuka taratibu mpaka chini ya beseni, akakaa pale. Baada ya muda, sijui mrefu kiasi gani, midomo ikafunguka kidogo, na mtoto mmoja akachungulia nje. Akatutazama. Akarudi ndani.

"Yesu wangu," mama mkwe akasema kwa sauti ndogo. "Kwa kinywa." Na akaanza kulia, na mimi pia, wote wawili juu ya maji ya kuogeshea mtoto.

Ukelele tuliousikia nyuma yetu ndio uliokuwa mkubwa kuliko yote. Mke wangu alikuwa mlangoni, mtoto mgongoni, karatasi ya kilo imeanguka miguuni pake. Alikuwa anautazama mkono wa mama yake juu ya mkono wangu. Nafikiri kama angenikuta nimekufa asingeshtuka vile.

Mama mkwe aliniachia kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Akavuta kitenge, akafunika kichwa na uso, akapita kando ya ukuta akatoka uani. Hakurudi ndani. Alikaa nyuma ya jiko mpaka jua likazama, na mke wangu akija kwake anamgeuzia mgongo. "Atarudi Lusangi kesho," mke wangu akaniambia, macho mekundu. "Utaona. Atapata aibu, ataenda, na mutoto shingo haijakaza." Nikamweleza yote tangu uji. Alisikiliza, akatazama beseni, akaniuliza mtoto wake ataogeshwa kwa maji gani. Nikacheka, akanipiga begani, kisha akacheka yeye.

Asubuhi nilimfunga kuku miguu, nikamweka kando ya kinu, nikarudi upande wangu wa ukuta. Kwao ndivyo kosa la namna hiyo linavyoombewa radhi. Kuku akipokelewa, limekwisha. Kuku akiachwa pale, mtu anafunga mizigo. Nikasimama nyuma ya ukuta, simu za watu zimenizunguka, nasikiliza. Kuku alilalamika muda mrefu. Kisha akanyamaza ghafla, kama anavyonyamaza aliyeinuliwa kwa mabawa.

"Kinu." Sauti ilikuwa ileile ya kila siku. "Ambia baba ya mutoto: kuku nimepokea."

Nikashukuru Mungu kimoyomoyo.

"Mwambie tena: watoto ya samaki wametoka asubuhi. Wamerudi. Wametoka tena. Wako wazima. Uji sitatia tena."

Nikafungua mdomo nijibu, lakini alikuwa hajamaliza. Mchi ulipiga mara chache, ukakoma.

"Tena, kinu, mwambie: ile pua ya mutoto, sasa nimejua inatoka wapi."

Mchi ukaendelea. Nilisimama pale nyuma ya ukuta, mkono mmoja una waya wa kuchajia, wa pili unashika pua yangu.